Sukari ya Kutia

Wali wa nazi ni mtamu. Mchuzi wa papa uliokolea ndimu ni mtamu. Maji ya kisima yasiyo na chumvi ni matamu, na usingizi wa alfajiri nao mtamu. Katika vyote hivyo hamna chembe ya sukari. Ndivyo lugha yetu ilivyolikuza neno hili: tamu ni ladha ya asali, na tamu ni kila kinachoupendeza ulimi na moyo. Miaka mingi nimelipenda kwa ukarimu wake huo. Siku hizi, nikilikuta kwenye boksi la unga wa uji wa mtoto, linanitia wasiwasi.

Mfikirie mama anayeonja uji wa mwanawe wa miezi sita. Anachovya kidole, analamba, anasema, "Mbona hauna utamu?" Huenda uji haujaiva na unga bado unanuka. Huenda karanga hazikukaangwa vizuri, au maziwa yamepungua. Lakini mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kopo la sukari, kwa sababu neno lenyewe limeshauelekeza huko. Mtoto hakulalamika. Aliyekosa utamu ni mama, ambaye ulimi wake umezoea chai ya vijiko vitatu.

Sukari ni neno la tabia nyingine. Tumelipata kwa Waarabu, sukkar, nao wakalipata kwa Waajemi, shakar, na nyuma yao kabisa liko neno la Kisanskriti, sharkara, lililomaanisha changarawe. Jina hilo lilitokana na jicho: punje ngumu, zinazomwagika kama mchanga. Tamu ni jina la hisia, sukari ni jina la kitu, na kitu hupimwa kwa gramu. Kwa hiyo nikitaka kujua mtoto analishwa nini, siulizi kama uji ni mtamu. Nauliza una sukari gani, kiasi gani, na imeingiaje.

Hilo la "imeingiaje" ndilo linalohitaji istilahi. Maziwa ya mama yenyewe yana sukari, laktosi, kiasi cha gramu 7 katika kila mililita 100. Afikapo miezi 6, maziwa pekee hayamtoshi mtoto, ndipo anapoanzishiwa kile kilichoitwa chakula cha kulikiza na ambacho kliniki sasa hukiita chakula cha nyongeza. Badiliko hilo nalipenda. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Nyongeza hukaa juu ya ziwa linaloendelea. Lakini kitenzi chake, kuongeza, kimechukuliwa pia kutajia jambo jingine: "sukari iliyoongezwa". Na kuongeza, kwa Kiswahili, hudokeza upungufu. Anayeomba aongezewe mchuzi alikwisha kupewa, haukumtosha. Anayesoma "sukari iliyoongezwa" aweza kudhani uji ulipungukiwa, na kiwanda kikamsaidia kuujaza.

Jikoni tuna neno bora. Tunasema kutia: tia chumvi, tia nazi, tia sukari. Bara wengi husema kuweka, na maana haibadiliki. Kilichotiwa kimetoka nje ya chungu, na mkono wa mtu umekitia. Ndiyo maana napendekeza tuseme sukari ya kutia. Iliyomo kwenye maziwa, kwenye ndizi, kwenye nafaka yenyewe, ni sukari ya asili ya chakula hicho. Mstari huo mtu yeyote ataushika, hata ambaye hajawahi kuketi darasani akafundishwa kemia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linatumia neno ambalo kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "sukari huru". Humo zimo sukari zote zilizotiwa na kiwanda, mpishi au mlaji, pamoja na zile zilizomo katika asali, shira na maji ya matunda. Dhana hiyo ni nzuri sana. Ukitafuna embe, sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda na nyuzinyuzi zake, ukilikamua, umeifungua. Lakini neno huru kwetu ni neno la heri. Tumelipigania. Likisimama kwenye boksi la mtoto, litasomwa kama sifa, na wengine watadhani chakula hicho kiko huru na sukari, yaani hakina. Libaki vitabuni kwa wataalamu. Uji ukitiwa maji ya matunda yaliyokolezwa, unga wa tende au asali ili mtoto aupende, hizo zote ni sukari ya kutia, hata kama boksi linasema "utamu wa asili". Asali ina shida yake nyingine: mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi kabisa, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vilivyolala vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli.

Majina mengine ni rahisi kuyakamata. Sukrosi, glukosi, fruktosi, maltosi, dekstrosi: ukiona mwisho wa -osi, simama. (Selulosi ni mgeni katika jamaa hiyo, ni uzi wa mimea, na haina utamu.) Palipoandikwa sirapu, wa pwani tayari wanalo neno lake, shira, ileile inayomiminiwa kaimati. Shira ya glukosi, shira ya mahindi: hapo hata bibi asiyesoma, akisomewa, atajua mjukuu wake anapewa nini. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na sukari iliyogawanywa katika majina matatu huweza kushuka chini ya orodha huku jumla yake ikiwa kubwa. Halafu wapo wanaoandika "viungo" badala ya viambato, na msomaji akatarajia iliki na mdalasini.

Linalonisumbua zaidi ni maltodekstrini. Ni wanga uliokatwa vipande vifupi vya glukosi. Utamu wake ni hafifu, na kwenye jedwali la virutubishi haihesabiwi kuwa sukari, lakini ikifika tumboni hugeuka glukosi upesi. Ndugu yake ni nafaka iliyomeng'enywa: kiwanda hutumia vimeng'enya kuuvunja wanga, sukari ikazaliwa humohumo ndani ya unga. Hapo kitenzi changu cha kutia kinapwaya, maana hakuna aliyetia kitu.

Na hapo ndipo ninapokumbuka kimea. Ulezi au mtama hulowekwa, ukaachwa umee, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito, uji hulegea, kwa kuwa vimeng'enya vya mbegu iliyoota huuvunja wanga. Faida yake ni kwamba tumbo dogo la mtoto hupokea nafaka nyingi katika uji anaoweza kuumeza, nao uji huja na utamu kidogo. Maltosi ni sukari ya kimea kwa jina na kwa asili. Kwa hiyo tunayo lugha ya kulieleza jambo hili. Kiwanda kinachomeng'enya nafaka kiseme hivyo, kisha kitaje gramu za sukari iliyopatikana.

Gramu zina uzito. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha vyakula vya nafaka vya watoto, kama kilivyorekebishwa mwaka 2006, kinaruhusu katika nafaka za kukorogwa na maziwa hadi gramu 7.5 za sukari ya kutia kwa kila kilokalori 100. Gramu moja ya sukari ina kilokalori 4. Basi kilokalori 30 kati ya 100 zaweza kutoka kwenye sukari hiyo. Mwongozo ule wa 2015 unataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, kwa mkubwa na mdogo. Mwongozo mwingine wa Shirika la Afya Duniani, wa 2023, kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi, wala viongeza utamu visivyo sukari. Mwezi Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na IBFAN, mtandao unaotetea unyonyeshaji, lilichapisha vipimo vya Cerelac ya ngano ya kampuni ya Nestlé, ya watoto wa miezi 6: ile ya Ujerumani na Uingereza haikuwa na sukari ya kutia, ya Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa mlo mmoja, na ya Thailand gramu 6. Nestlé ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikiipunguza sukari hiyo. Tofauti ilijulikana kwa sababu mtu aliitenga sukari ya kutia na ile ya maziwa, akaipima peke yake. Jedwali lenye mstari mmoja tu wa "sukari" huzichanganya zote.

Nawaomba wanaoandika viwango, Dar es Salaam na Nairobi, wakae na watu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, wachague neno moja. Likiwa sukari ya kutia nitafurahi; likiwa jingine linaloeleweka sokoni, nitalitumia. Kisha liandikwe mbele ya boksi, kwa herufi anazoweza kuzisoma mama aliyembeba mtoto mkono mmoja, na gramu zake kando yake.