Tony Iommi: mlio uliotoka kiwandani

Wengi wakisikia jina Black Sabbath wanawaza mashetani. Mimi nasema uzito wa muziki ule ulitoka kiwandani.

Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Akiwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi ya mabati. Siku yake ya mwisho ya kazi, juu alitaka kwenda kupiga muziki, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume. Na yeye anatumia kushoto: vidole vile ndivyo vya kukandamizia nyuzi. Waganga walimwambia gitaa basi.

Mkubwa wake wa kazi akamletea sahani ya Django Reinhardt, mzaliwa wa Ubelgiji, aliyekuwa anapiga solo kwa vidole viwili kisha kuungua moto. Iommi akapata moyo. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Nyuzi nene zilimuumiza, akatafuta nyembamba. Mwaka 1971, kwenye albamu Master of Reality, alizilegeza nusu-toni tatu: zikawa laini kwa kidole, na mlio ukashuka chini, mzito sawa ngurumo. Hadi leo makundi mengi ya hevi metali yanalegeza nyuzi vile.

Tarehe 5 Julai 2025, wao wanne wa mwanzo walipiga onyesho lao la mwisho, palepale Birmingham. Vifuniko vilikuwa bado vidoleni.

Na wewe, ni kazi gani wamekuambia "basi"?