LM-1: mashine ya ngoma iliyohifadhi mapigo ya mkono wa mwanadamu

Linn LM-1 ni mashine ya ngoma ya kidijitali iliyobuniwa na Roger Linn, mpiga gitaa na mhandisi wa Marekani, na kuingia sokoni mwaka 1980. Mashine nyingi zilizoitangulia ziliiga ngoma kwa saketi za umeme. Hii ilikuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa na sauti zilizorekodiwa kidijitali kutoka ala halisi.

Ilivyofanya kazi

Pigo lililorekodiwa studioni liligeuzwa kuwa tarakimu na kuwekwa ndani ya chipu. Mtumiaji alipobonyeza kitufe, pigo lilelile lilisikika tena. Sauti zilihifadhiwa kwa biti 8, kwa takriban sampuli 28,000 kila sekunde. Kumbukumbu ilikuwa ghali mno wakati huo, hivyo matoazi makubwa, ambayo mlio wake hudumu, yaliachwa.

Sifa zake

Mashine ilikuwa na dramu, konga, tari, kengele na makofi. Kila ala iliweza kupandishwa au kushushwa sauti peke yake, na hata kubadilishwa kimo cha mlio. Midundo 100 iliweza kuhifadhiwa. Pigo lililochelewa lilisogezwa mahali pake, na mdundo uliweza kuyumbishwa kidogo ili usisikike mkavu.

Bei ilikaribia dola 5,000 na zilitengenezwa takriban 500 tu, lakini Prince aliitumia katika albamu yake ya 1999, iliyotoka mwaka 1982. Mwaka huohuo ilifuata LinnDrum, ya bei nafuu na yenye matoazi. Mwaka 1988 Linn na kampuni ya Akai walitoa MPC60, iliyomruhusu mtumiaji kurekodi sauti zake mwenyewe.

Ngoma za Burundi

Ngoma za Burundi zilinaswa na kutumiwa upya kabla ya teknolojia hiyo. Rekodi iliyofanywa nchini mwaka 1967, na kutolewa na Ocora ya Ufaransa, iliongezewa piano na gitaa huko Ulaya na kuuzwa mwaka 1971 kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliitumia rekodi hiyo ya wapiga ngoma katika wimbo The Jungle Line. Waliosifiwa kwa utunzi hawakuwa wapiga ngoma wenyewe.

Katika kundi la Burundi, ngoma ya inkiranya huongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika, na ibishikiso huifuata inkiranya. Chipu yaweza kuhifadhi mlio wa kila moja. Haiwezi kuhifadhi sikio la mpigaji anayemfuata kiongozi wake papo hapo, na kitufe cha kusahihisha mapigo hufuta tofauti hizo ndogo. UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo ya kifalme mwaka 2014 kama ngoma pamoja na dansi, ushairi na nyimbo zake.

Leo kijana wa Kabezi, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, anaweza kufanya kwa kompyuta au simu kazi iliyohitaji mashine ya dola 5,000. Rekodi ya mzee anayepiga ingoma huweza kuwa kitufe kwa dakika chache. Jina la mzee huyo na malipo yake hayaingii kwenye chipu. Hayo hukubaliwa kwa mdomo au kwa maandishi, kabla ya kurekodi.