Tanga na Injini: Habari za Vyombo vya Ziwa Letu

Katika miaka kumi ya Muungano wetu hakuna jambo lililoletwa mbele ya mkutano mkuu mara nyingi kuliko hili: fedha za mkopo wa vyombo zinunue injini, au zinunue matanga? Wanachama wa visiwani husema hivi, wa ufuoni husema vile, na kila upande hudai kwamba ndio ulijuao ziwa. Basi tumeona vema kuandika jinsi vyombo vyetu vilivyokuja, ili atakayenyosha mkono mkutanoni ajue anachokipigia kura.

Mitumbwi tuliyorithi tunaiita ya Sese, kwa sababu ufundi wake ulisifika sana katika visiwa vya Ssese, huko Buganda. Haikuwa gogo lililochimbwa. Ilikuwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za miti juu ya mkuku mrefu, wala haikuwa na msumari hata mmoja. Msomaji aliyepata kusikia habari za mtepe wa Lamu atatambua kwamba watu wa pwani na watu wa ziwa, kila mmoja kwa njia yake, walifahamu kushona chombo. Mitumbwi hiyo ilikwenda kwa makafi na kwa nguvu za mikono.

Mwezi Machi, 1875, Henry Morton Stanley alishusha majini mashua yake, Lady Alice, hapo Kageye, kwenye Ghuba ya Speke. Ilikuwa imeundwa Uingereza, ikachukuliwa vipande vipande na wapagazi toka Bagamoyo. Ililizunguka ziwa lote, ikarudi mwezi Mei. Walakini mashua hiyo nzuri haikuweza kuchukua msafara wake, na alipotaka kuwavusha watu kwenda Uganda ilimbidi amwombe mitumbwi Mtemi Lukonge wa Ukerewe. Baadhi ya mitumbwi aliyopewa ilikuwa imechakaa. Usiku wa kwanza mishono ikaachia, nayo ikazama. Wako wasomao habari hii kama ushahidi kwamba chombo cha kienyeji hakifai. Sisi twaisoma vingine: nyuzi zilikuwa zimezeeka, na nyuzi zikizeeka hushonwa upya. Chombo chochote kisichoangaliwa kitazama, kiwe cha nyuzi au cha chuma.

Tanga lililetwa na Waarabu na Waswahili waliounda majahazi kusini mwa ziwa. Mwaka wa 1877 wamisionari wa Church Missionary Society walinunua jahazi Ukerewe kwa mfanya biashara aitwaye Songoro. Na kabla ya mwaka kwisha ugomvi ukawaua wamisionari wawili na Songoro mwenyewe. Majahazi yale yamepita, lakini tanga la pembe tatu na foromali yake lilibaki, likapandishwa juu ya mtumbwi wa Sese. Twaona huu ndio muungano bora uliopata kufanyika katika ziwa hili, maana ulifuata tabia ya ziwa lenyewe. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Mchana hugeuka ukavuma toka majini kuja pwani. Mvuvi hupelekwa na upepo mmoja, akarudishwa na mwingine, naye hakulipa senti.

Mambo mapya mengine yalipokewa bila ubishi. Nyavu za kutega zilianza kutumika katika Ghuba ya Kavirondo mwaka wa 1905, zikiletwa na Mnorwe mmoja. Misumari ilichukua nafasi ya nyuzi. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliwashinda watu wa nyuzi za pamba na kitani, kwa kuwa nailoni haiozi. Wazee hawakuvikataa vitu hivi, kwa sababu kila kimoja kiliweza kutengenezwa ufuoni kwa mkono wa mwenyewe.

Injini za kufunga nyuma zilifika ziwani katika miaka hiyo hiyo ya 1950, nazo zilibadili hata umbo la mtumbwi. Mtumbwi wa zamani ulikuwa na ncha omo na tezi. Wa injini hukatwa tezi ikawa bapa, ili mashine ipate pa kushika. Hata hivyo injini hazikuenea upesi. Kilichozieneza ni sangara. Samaki huyu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960, akajaa kila mahali katika miaka ya 1980. Na viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza katika miaka ya 1990, ilibidi samaki afike kwenye barafu kabla hajaharibika. Mawakala wakatoa injini na nyavu kwa mkopo, na mkopaji akafungwa kumwuzia wakala yule yule kwa bei ya wakala. Wengi wa waanzilishi wa vyama vyetu walitoka katika deni la namna hiyo, ndiyo maana hawapendi kusikia neno mkopo likitajwa pamoja na neno injini.

Mwaka wa 2022, petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, hofu yao ilipata nguvu. Tena injini huibwa ziwani, na mwizi wa tanga hatujapata kumsikia.

Hata hivyo si haki kuisema injini kwa ubaya tu. Upepo ukikatika kati ya Ukara na Ukerewe, mgonjwa hawezi kungoja mchana ugeuke. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki ukivuma kwa nguvu, chombo cha tanga hubisha kutwa nzima na watu wamelowa. Wala si kila kipya kinaongeza gharama: wavuvi wa dagaa walioacha karabai wakashika taa za sola wamepunguza ununuzi wa mafuta ya taa, na hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Halmashauri imependekeza kwamba vyombo vipya viundwe na tezi bapa, lakini vichongewe pia tundu la mlingoti. Na kila chama kiwe na injini moja ya shirika, ya kupeleka barafu, kuchukua samaki na kuokoa watu. Mafundi wetu wamepinga nusu ya shauri hili. Wanasema tezi bapa huburuta maji chombo kikienda kwa tanga, na kwamba chombo cha kazi mbili hakitafanya hata moja vizuri. Wameomba waunde viwili kwanza, kimoja cha ncha mbili na kimoja cha tezi bapa, vishindanishwe kwa tanga toka Kayenze hadi Ukerewe kabla ya mkutano mkuu. Mbao zimekwisha kununuliwa.