Rika, Jeshi na Nyayo: Vijana wa Tarime na Serengeti Katika Kutafuta Njia ya Maisha

Kijana kutojua ashike kazi gani, na uchungu wa kukwama katika miaka ya mwanzo ya utu uzima, huchukuliwa na wengi kuwa mambo yaliyoletwa na shule na mishahara. Historia ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, inaonyesha kwamba mashaka hayo ni ya zamani, na kwamba kilichobadilika ni nani anayetakiwa kuyatatua. Kwa Wakuria wa Tarime, na kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wa Serengeti, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kijana ambaye maisha yake hayajapata mwelekeo hakuhesabiwa kuwa ameshindwa, kwa kuwa kusubiri kwenyewe kulikuwa hatua ya umri iliyotambuliwa na wote, yenye jina lake, kazi zake na wenzi wa kuipitia pamoja.

Msingi wa utaratibu huo kwa Wakuria ulikuwa esaaro, yaani tohara pamoja na rika linaloundwa na wote waliotahiriwa katika msimu mmoja. Mbali na rika hilo, kila Mkuria alizaliwa ndani ya irikora, ambalo ni kundi la kizazi. Makundi hayo yamepangwa katika mizunguko miwili, Monyasae na Monyachuma, kila mmoja ukiwa na majina manne yanayofuatana, na mtoto huingia katika jina linalofuata lile la baba yake, hata jina la mtu likamrudia kilembwe wake. Mvulana alichunga ng'ombe. Alipotahiriwa aliingia miongoni mwa abamura, vijana waliokuwa na wajibu wa kulinda mifugo na mipaka ya ikiaro, yaani ukoo mkubwa wenye eneo lake, kama vile Wairege, Wanyabasi, Wakira au Wanyamongo. Na alipooa na kupata watoto alianza kusikilizwa katika iritongo, baraza la watu wote. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo aliyoichagua peke yake.

Utaratibu huo haukuwa na haki kwa wote, na si vema kuupamba. Ng'ombe wa mahari walitoka katika zizi la baba, au katika mahari aliyolipiwa dada, au katika uvamizi wa mazizi ya majirani. Hivyo kijana wa baba maskini, asiye na dada wa kuozwa, alikuwa amekwama kwelikweli, kwa sababu bila ng'ombe hakuna mke, na bila mke hakuna nafasi miongoni mwa watu wazima. Hata hivyo mkwamo wake ulionekana na kila mtu na ulikuwa na sababu inayotajika, nao wenzake wa rika waliuona kuwa jambo lao pia, kiasi cha kutoka naye usiku kwenda kuutatua kwa mikuki.

Utawala wa Wajerumani, na baada yake wa Waingereza, uliugeuza uvamizi huo wa mazizi kuwa jinai na kudai kodi ya fedha, lakini haukuondoa haja ya ng'ombe. Kijana alibaki na lengo lilelile huku njia ya kulifikia ikiwa imefungwa, na katika pengo hilo ndipo lilipoingia jeshi. Wakuria wengi walijiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ambalo watu waliliita Keya, na ambalo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na desturi ya kuyagawa makabila kuwa ya kivita na yasiyo ya kivita, na kwa muda mrefu mvuto huo wa jeshi kwa Wakuria umeelezwa kwa damu yao. Maelezo hayo hayatoshi. Jeshi lilifanana mno na kile ambacho kijana wa Kikuria alikuwa amekwisha kukijua: kundi la watu walioingia pamoja, vyeo vinavyopandwa kwa zamu, safari ya kwenda mbali, na kurudi nyumbani na mshahara unaoweza kununua ng'ombe. Lilikuwa ngazi mpya iliyoegemezwa kwenye ukuta wa zamani.

Ngazi hiyo iliwafikisha baadhi ya watu wa Mara mbali sana. David Musuguri, Mzanaki aliyezaliwa Butiama mwaka 1920, aliingia Keya mwaka 1942, akaongoza wapiganaji wa Tanzania katika vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, na akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1980 hadi 1988, alipopokewa na Jenerali Ernest Mwita Kiaro. Vita hivyo vilikuwa na upande mwingine, kwa kuwa baada yake silaha za moto zilienea Tarime, na wizi wa ng'ombe ukaacha kuwa njia ya kupata mahari, ukawa biashara ya kuvusha mifugo hadi kwenye masoko ya Kenya. Kijana aliyekosa nafasi jeshini aliweza kuukuta ujuzi uleule wa silaha ukitafutwa na wafanyabiashara hao.

Kusini mwa Mto Mara, katika Serengeti, mkasa ulikuwa wa namna nyingine. Waikoma walisifika kwa uwindaji, na mikia ya nyumbu waliyoipata waliipeleka Usukuma na kurudi na mifugo. Kwa njia hiyo kijana hodari wa upinde aliweza kujipatia mahari bila kumtegemea baba. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, na mipaka yake kupangwa upya mwaka 1959, kazi hiyo yenye heshima ikapewa jina la ujangili, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, yakaisukuma mipaka hadi karibu na mashamba ya vijiji. Mwindaji huujua unyayo wa jana na wa leo kwa kutazama umande, mchanga ulioporomoka ukingoni na majani yaliyoanza kuinuka tena baada ya kukanyagwa. Ujuzi wa namna hiyo haufundishwi kwa mwezi mmoja, na haukupotea kwa tangazo la serikali: baadhi ya waliokuwa majangili waliajiriwa baadaye kuwa askari wa wanyamapori, wakifuata nyayo za watu badala ya nyumbu. Jambo hili lastahili kuzingatiwa na kila anayemwona kijana kuwa hana uwezo, kwa maana mtu yuleyule, kwa macho yaleyale, alikuwa fundi, kisha mhalifu, kisha mwajiriwa, wakati yeye mwenyewe hakubadilika.

Shule ilikuja na ahadi yake. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, ulitaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, si kwa mtihani tu. Na mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana mjini Musoma, ilipitisha Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote na kuagiza kwamba wahitimu wa kidato cha sita watumikie taifa na kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Azimio hilo lilikuwa na busara ambayo haijathaminiwa ipasavyo, kwani lilirudisha wazo la kipindi cha kusubiri chenye kazi na heshima. Udhaifu wake ni kwamba liliwagusa wachache waliofika kidato cha sita, ilhali umati wa darasa la saba ulirudi shambani bila kipindi wala cheo.

Wengi wa umati huo katika Tarime walikwenda Nyamongo kuchimba dhahabu kwa nyundo na mikono. Mgodi mkubwa wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, wachimbaji wadogo walipoteza maeneo yao, na kazi zilizopatikana zikawa za wenye vyeti vya ufundi. Vijana waliobaki nje walianza kuingia mgodini kuokota mawe yenye masalia ya dhahabu, na Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi. Kuwaita wavamizi bila kutaja walichonyang'anywa ni kuieleza nusu ya habari.

Kwa wasichana historia imekuwa nzito zaidi, kwa sababu ng'ombe walioamua njia ya kaka walipatikana kwa kuozwa dada. Hata desturi ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke mzima asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari msichana ili amzalie watoto kwa jina lake, humpa mamlaka mwanamke mmoja kwa kuamua maisha ya mwingine. Misimu ya tohara, ambayo kwa kawaida huangukia Desemba, ndiyo inayowatoa wasichana makwao kukimbilia kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, wakikwepa ukeketaji na ndoa inayoufuata. Huko husaidiwa kuendelea na masomo au kujifunza ufundi kama ushonaji, nao walezi wao hufanya kazi ngumu ya kuzungumza na wazazi ili binti arudi nyumbani bila kukeketwa wala kuozwa. Hao ni vijana wa wilaya hizi mbili wanaoianza njia yao ya maisha kwa kuukataa utaratibu wa rika waziwazi, wakiwa watoto bado, na mara nyingi bila ndugu hata mmoja upande wao.