Kahawa ya Mbinga inayoitwa Kilimanjaro

Leo siasa tuziweke kando kidogo, tuongelee kahawa.

Ukiingia duka la kahawa Japani hukosi kukuta mfuko ulioandikwa Kilimanjaro. Jina hilo wamelizoea mno, hata wamelikatisha wanaliita Kiriman. Mtanzania akiuona mfuko ule lazima ajisikie vizuri. Lakini hebu tuulizane: kahawa iliyomo imetoka wapi? Machame? Kilema? Si lazima. Inaweza kuwa ya Mbinga au Mbozi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Moshi kwa barabara.

Kanuni za lebo walizojiwekea wafanyabiashara wa kahawa wa Japani ziko hivi: arabika iliyolimwa popote Tanzania inaweza kuitwa Kilimanjaro, isipokuwa ya Bukoba. Tena wakiichanganya na kahawa za nchi nyingine, yetu ikifika asilimia 30 tu, mfuko unaruhusiwa kuitwa mchanganyiko wa Kilimanjaro.

Tulifikaje hapo? Wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga wakaipokea, mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Kwa hiyo jina la mlima lilikuwa na watu wa kulisemea sokoni mapema. Halafu ikaja sinema. Hemingway alitoa hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro mwaka 1936, na Hollywood wakaitengenezea filamu mwaka 1952. Wajapani wenyewe husimulia kwamba filamu hiyo ndiyo iliyolivumisha jina kwao. Cha kuchekesha ni kwamba hadithi yenyewe inahusu mwandishi mwenye kidonda anayekufa porini. Mkulima wa kahawa hayumo.

Sasa turudi kwenye lile neno "isipokuwa". Wahaya walikuwa na kahawa kabla ya Mjerumani na kabla ya padri. Buni za robusta zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa. Mgeni akibisha hodi alikaribishwa kwa akamwani. Watu wawili wakichanjiana, walitafuna buni mbili za tunda moja, kila mmoja yake. Hao wenye historia ndefu kuliko wote ndio walioachwa nje ya jina!

Tusiwaonee Wajapani. Kahawa nyingi ya Kagera hukaushwa na maganda yake, haimenywi na kuoshwa kama ile ya Moshi, kwa hiyo ladha yake ni nyingine. Sawa. Lakini kitu chenye ladha yake kinastahili jina lake. Na mkulima wa Mbinga naye anastahili mnywaji ajue kuna mahali panaitwa Mbinga, kwa sababu mnywaji asiyejua jina lako hawezi kukutafuta, na asipokutafuta huna cha kujadiliana naye bei.

Waethiopia waliliona hilo. Mwaka 2005 waliomba kusajili Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa mali yao. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa huko kikapinga, Oxfam ikaingilia kati kuwatetea wakulima, na mwaka 2007 Starbucks ikafikia makubaliano na Ethiopia kuhusu matumizi ya majina hayo. Hawakuongeza hata mche mmoja shambani. Walichopigania ni nani mwenye haki ya kuandika juu ya mfuko.

Sisi tumekaa tunafurahi kwamba mlima wetu unajulikana. Ni kweli unajulikana. Ila mlima haulimi kahawa, wanaolima ni watu, na watu hao wana vijiji vyenye majina.

Je, kama ungepewa kalamu leo uandike juu ya mfuko ule, ungeandika jina gani?