Turbo ya kiwandani au turbo ya fundi? (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, nimevuka kivuko mpaka Bweni, nimefika Mwera salama, mtoto kalala. Tuendelee tulipoishia.

Tangu sehemu ya pili, swali limekuwa hilohilo: "Nesi, mume wangu anataka Subaru ya turbo, nimkatalie?" Jamani, hata kwangu mjadala huo upo. Tuna hela tumeiweka miaka minne, kidogo kidogo, na baba watoto ana njia mbili kichwani. Ya kwanza ni kununua Impreza WRX, ambayo imetoka kiwandani na turbo yake. Ya pili ni kununua Impreza ya kawaida, ambayo bei yake iko chini, halafu fundi aifunge turbo ya kununua pembeni na abadilishe ekzosi. Anasema kwa njia hiyo tutapata nguvu ileile kwa hela pungufu. Njia ya tatu ni yangu: ya kawaida, ibaki ya kawaida.

Tulibishana mpaka akaniambia, "Wewe magari huyajui, Safari Rally yenyewe huijui." Basi nikaenda kuisoma. Alijuta.

Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, na miaka iliyofuata magari yalipanda mpaka Usambara, hapo kwa jirani zetu. Kilichonifurahisha ni kwamba mwaka ule wa kwanza magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini. Yaligawanywa kwa bei ya dukani! Waliotunga sheria walitaka kujua kitu ambacho hata mimi na wewe tunakitaka: kwa hela yangu hii, gari lipi litanifikisha? Na mwaka 1954 mshindi alikuwa Volkswagen, ile kobe ndogo yenye injini nyuma. Ikashinda tena 1957, na tena 1962.

Kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka. Nyie mnaijua Pasaka ya huku kwetu: masika, matope, barabara ya mashamba ya mkonge inageuka uji. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, 404 ilishinda mara mbili mfululizo mikononi mwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Peugeot 404 ndiyo gari ambalo babu zetu walilipanda kama teksi. Halikuwa na makelele. Lilikuwa na springi ndefu na bodi ngumu.

Halafu kuna Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari hasa. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Volvo wenyewe waliyaleta magari hayo kwenye Safari ya 1964, yakawashinda, Joginder akanunua moja, yeye na mdogo wake Jaswant wakaingia nalo na kuwapita wote. Mtumba, mwenzangu! Yaani hili letu la kununua gari lililotumika na wengine lina historia ya heshima.

Kilichonisimamisha zaidi ni mwaka 1974. Joginder huyuhuyu alishinda na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, na wa pili akawa Björn Waldegård na Porsche 911. Porsche ilikuwa na nguvu kuipita Lancer kwa mbali. Iliwahi kushika nafasi ya pili 1972, ikashika tena 1974 na 1978, na kwenye Safari ile ya zamani haikushinda hata mara moja.

Hapo baba watoto akadakia: "Unaona? Lancer GSR si gari la kawaida, ni toleo la kasi la kiwandani!" Na kweli, hapo nilimpa. Lancer ya kawaida ilikuwa gari la familia, na GSR ni dada yake aliyetengenezewa mbio. Lakini aliyemtengeneza ni kiwanda, na hawakugusa injini peke yake.

Hizi WRX tunazoziona mjini zina asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na daraja la magari ya rali yenye nguvu za ajabu, yaliyotengenezwa machache tu kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1986 watazamaji waliuawa Ureno, na Mei mwaka huohuo dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakafa kule Corsica. Daraja lile likafutwa. Kuanzia 1987 sheria ikataka gari la rali litokane na gari la kuuzwa kwa watu, lililotengenezwa angalau 5000 ndani ya miezi 12. Idadi hiyo ilikuja kupunguzwa, ila maana ilibaki. Ndiyo sababu 1992 Mitsubishi wakatoa Lancer Evolution, na Subaru wakatoa Impreza WRX. Kiwanda kililazimika kumuuzia mtu wa kawaida gari ambalo breki, gia boksi, rejeta na bodi vinaendana na injini ile. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza.

Sasa twende kwenye njia ya pili, ya fundi. Hapa naongea kama nesi, maana turbo ni suala la presha. Ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inasukuma hewa nyingi ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikisukumwa inapata moto. Ndiyo maana WRX ina lile tundu juu ya boneti: linapeleka upepo kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. (Wale mnaobandika tundu la plastiki kwenye gari lisilo na turbo, nawapenda bure.) Pia injini isiyo na turbo huwa imeshapangwa kubana hewa sana, kama mara 10 hivi. Ya turbo kiwanda huipunguzia, mara 8 au 9, ili ile presha ya kuongezwa ipate nafasi. Ukichukua injini iliyokwisha kubana kwa mara 10 ukaisukumia turbo juu yake bila kubadilisha pistoni na bila kupanga upya mafuta na moto wa plagi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni zinapasuka. Ni sawa na mgonjwa ambaye presha yake tayari iko juu, halafu umpe dawa ya kuipandisha.

Fundi mzuri anaweza kuyafanya yote hayo vizuri, sikatai. Ila akishabadilisha pistoni, klachi, breki, rejeta, hesabu ya hela inakuwa imeifikia WRX na kuipita. Tulikaa na kalamu usiku mmoja, tukafika hapo. Wengi huishia kwenye turbo na ekzosi kwa sababu ndivyo vinavyosikika. Breki hazisikiki.

Na breki ndizo zinazotuletea watu wodini. Gari likitoka mwendo wa 50 kwenda 100, nguvu inayotakiwa kuzimwa haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Breki ni zilezile, tairi ni zilezile, na mtoto kapakatwa kiti cha mbele. Niliwahi kumpokea mtoto wa hivyo. Sitaandika zaidi.

WRX nayo msiione malaika. Inayokuja bandarini imetumika Japani miaka mingi, na hujui kijana gani aliiendesha, wala kama nayo ilishachezewa na fundi wa huko. Toleo la STi lilipangwa kwa petroli ya oktani kubwa inayouzwa kwao. Turbo inataka oili safi kwa wakati, haisubiri mwisho wa mwezi.

Nilimuonyesha baba watoto kitu kimoja cha mwisho. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha cc 660, injini ndogo kuliko ya pikipiki kubwa. Akamaliza, na akashinda daraja lake. Mume wangu alicheka sana, kisha akanyamaza. Kesho yake akasema, "Basi tutafute ya kawaida, ila iwe ya miguu yote minne, na chenji inayobaki tubadilishe shokapu, tairi na breki." Mimi nikaongeza kiti cha mtoto kwenye orodha. Nikiri pia kwamba mlio wa ile WRX naupenda, ila msimwambie.

Jumamosi tunavuka kwenda Tanga kuangalia moja. Yeye ataangalia injini. Mimi nimemwambia naanza na mikanda ya siti ya nyuma.