Kurudi kwa Odysseus

Msomaji kijana, twaa ramani ya Bahari ya Kati uitandaze mbele yako. Upande wa mashariki, karibu na mlango wa bahari uitwao Dardanelles katika nchi ya Uturuki, pana kilima kiitwacho Hisarlik. Wataalamu wengi huamini kuwa hapo ndipo uliposimama mji wa Troy. Weka kidole chako hapo, ukipeleke kusini-magharibi kuivuka bahari ya Aegean, uizunguke ncha ya kusini ya Ugiriki, kisha upande kaskazini mpaka kisiwa kidogo cha Ithaca. Njia hiyo ndiyo ambayo Odysseus, mfalme wa Ithaca katika hadithi za Wayunani wa kale, alitaka kuipita baada ya vita vya Troy.

Si njia ndefu. Mwenzake wa vitani, Diomedes, alifika kwao Argos, karibu nusu ya njia, siku ya 4. Mzee Nestor aliendelea kwa upepo uleule mwema hata akafika Pylos, si mbali na Ithaca. Odysseus alifika kwao mwaka wa 10. Kwa nini? Swali hili ndilo nitakalo tulichungue pamoja.

Kwanza yafaa tujue habari hizi zatoka wapi. Zimo katika utenzi mkubwa uitwao Odyssey, wenye mistari zaidi ya 12,000, ambao Wayunani waliusema kuwa ni kazi ya Homer. Wataalamu wengi hufikiri kuwa ulipata umbo lake katika karne ya 8 au ya 7 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mizizi yake ni ya kale zaidi, kwani waimbaji walipokezana hadithi hizi kwa mdomo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Marekani, Milman Parry, aliwasikiliza waimbaji wa Yugoslavia waliotunga tenzi ndefu pasipo kuandika, akaonyesha jinsi kazi kama hiyo iwezekanavyo. Mbele yake, katika miaka ya 1870, Mjerumani Heinrich Schliemann alichimba Hisarlik, na pakaonekana magofu ya miji iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Mmoja wao uliteketea kwa moto karibu na mwaka 1180 kabla ya Kristo. Basi mji ulikuwapo, na moto ulikuwapo. Lakini majivu hayataji majina. Odysseus twamjua kwa utenzi tu, na kwa utenzi huo tumwulize.

Aliondoka Troy na merikebu 12. Bandari ya kwanza ilikuwa Ismarus, mji wa Wacicones. Waliuteka na kuupora. Odysseus aliwaamuru watu wake waondoke upesi, wasisikie. Wakakaa pwani wakichinja kondoo na kunywa mvinyo. Kulipopambazuka jirani za mji ule waliwajia kwa wingi, na jioni ilipofika watu 6 wa kila merikebu, yaani watu 72, walikuwa wamekufa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Walipofika rasi ya Malea, mahali ambapo mabaharia wa Ugiriki waliogopa sana, upepo uliwatupa mbali na njia kwa siku 9. Kumbuka, msomaji, kwamba merikebu za siku zile zilikuwa na tanga moja la mraba pamoja na makasia, na hazikuweza kushindana na upepo mkali wa mbele. Ndipo walipofika nchi ya majitu yenye jicho moja. Jitu moja, Polyphemus, liliwafungia pangoni likala watu 6. Odysseus alililevya kwa mvinyo, akaliambia kuwa jina lake ni Hakuna-Mtu, kisha akalitoboa jicho. Jirani walipouliza ni nani amdhuruye, Polyphemus alilia, “Hakuna-Mtu aniua!” nao wakaenda zao. Asubuhi Odysseus na wenzake walitoka pangoni wamejificha chini ya matumbo ya kondoo.

Hapo akili ilikuwa imeshinda. Lakini merikebu ilipokwisha kuondoka, Odysseus alisimama akapaza sauti, akalitaja jina lake, la baba yake na la kisiwa chake, ijapokuwa wenzake walimsihi anyamaze. Polyphemus alikuwa mwana wa Poseidon, mungu wa bahari katika imani ya Wayunani. Akamwomba baba yake kwamba Odysseus asifike kwao. Au akifika, afike kwa kuchelewa, peke yake, katika merikebu ya wengine, akute taabu nyumbani. Mdomo huponza kichwa. Hilo la pili lilitimia neno kwa neno.

Tazama sasa kisa cha mfuko wa pepo. Aeolus, mlinzi wa pepo, alimpa Odysseus mfuko wa ngozi uliofungiwa pepo zote mbaya, akamwachia upepo wa magharibi umpeleke kwao. Kwa siku 9 Odysseus alishika kamba ya tanga mwenyewe, asimwachie mtu. Siku ya 10 waliiona Ithaca, hata wakaona watu wakikoka mioto. Hapo usingizi ukamchukua. Wenzake wakadhani mfuko una dhahabu na fedha anazotaka kula peke yake. Wakaufungua, na dhoruba ikawarudisha nyuma. Aghalabu twawalaumu mabaharia kwa tamaa yao, na ni haki. Lakini mbona nahodha hakuwaambia kilichomo mfukoni? Mbona hakumwamini hata mmoja akamwachia kamba? Neno moja lingalitosha kuwafikisha wote nyumbani.

Baada ya hayo Walaestrygonians walizivunja merikebu 11. Kwa Circe, mchawi, Odysseus alistarehe mwaka mzima, mpaka wenzake walipomkumbusha kwao. Mnyama Scylla alinyakua watu 6. Mwisho, wakiwa na njaa katika kisiwa cha Helios, mabaharia waliobaki walivunja kiapo chao, wakachinja ng’ombe watakatifu. Radi ya Zeus iliipasua merikebu, na wote walikufa isipokuwa Odysseus.

Bahari ilimtupa kisiwani kwa Calypso, akakaa huko miaka 7, bila merikebu wala mabaharia, akilia ufukoni. Calypso aliahidi kumpa maisha yasiyo na mwisho. Odysseus alikiri kwamba mkewe Penelope hamfikii Calypso kwa uzuri, tena ni mtu wa kufa. Hata hivyo akachagua kurudi kwao. Hesabu basi: miaka 7 kwa Calypso na mmoja kwa Circe ni miaka 8. Mawimbi na majitu hayakumla hata miaka 2 kamili.

Wafaeacia ndio waliomfikisha Ithaca katika merikebu yao, amelala. Alikuta wanaume 108 wakila mali yake na kumtaka mkewe, aliyewazuia kwa hila miaka mingi. Aliwaua wote kwa msaada wa mwanawe Telemachus na watumishi wachache.

Wengi huimaliza hadithi hapo kwa furaha. Utenzi wenyewe haumalizi hivyo. Baba wa mmoja wa waliouawa alisimama mbele ya watu wa Ithaca akamshtaki mfalme: alichukua merikebu na watu, akawapoteza wote, na sasa amerudi kuwaua waliobaki. Wayunani walimpenda Odysseus, lakini hawakulifuta shtaka hilo.

Wahenga wetu walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Odysseus alirejea. Wale wa merikebu 12 hawakurejea. Nawe, msomaji, utakapopewa siku moja kuongoza wengine, kumbuka kuwa safari haipimwi kwa kufika kwa nahodha peke yake. Hesabu pia walioshuka nawe pwani.